Rose Sayer na Hekuba: Uigizaji wa Katharine Hepburn Ukitazamwa kutoka Kazimia

1.0 Utangulizi

Katharine Hepburn (1907–2003) ni miongoni mwa waigizaji wa Marekani walioandikiwa sana, na takriban kila mhakiki humsifu kwa jambo lilelile, yaani wingi wa nafsi alizoziigiza na umbali uliopo baina ya nafsi moja na nyingine. Kuanzia A Bill of Divorcement (1932) hadi Love Affair (1994), alikuwa rubani wa ndege, msichana aliyejifanya mvulana, mwandishi wa magazeti, wakili, mwanamke wa misheni, malkia wa Uingereza ya kale na mjane wa mji uliotekwa. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara 12, akaipata mara 4: kwa Morning Glory (1933), Guess Who's Coming to Dinner (1967), The Lion in Winter (1968) na On Golden Pond (1981).

Sifa hizo ni za haki, na makala haya hayakusudii kuzibomoa. Yanakusudia kuuliza swali ambalo sifa hizo huliruka: mhakiki anayezitoa amesimama wapi? Mtu akisimama New York au London, ataona mwigizaji mmoja mwenye sura nyingi. Sisi tunapendekeza kusimama Kazimia, bandari ndogo ya wavuvi katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. The African Queen (1951), filamu iliyougeuza mkondo wa kazi ya Hepburn, ina asili yake katika vita vilivyopiganwa juu ya ziwa hilohilo mnamo 1915 na 1916. Wakazi wa mwambao wa Fizi ni wenye ziwa. Basi ni haki yao kuuliza wamewekwa wapi katika hadithi ya ziwa lao.

Hoja yetu ni hii. Uhodari wa Hepburn katika The African Queen unasimama juu ya kufutwa kwa watu wa ziwa. Na mwigizaji huyohuyo, miaka 20 baadaye, aliigiza upande wa pili wa kufutwa huko katika The Trojan Women (1971). Filamu hizi mbili hazijazoeleka kuwekwa pamoja, ila tunaamini kwamba kila moja inaifafanua nyenzake.

2.0 Mwanamke asiyekubali alipowekwa

Ni vema kwanza tuone ni uzi gani unaozishona nafsi za Hepburn. Alizaliwa Hartford, Connecticut, binti wa daktari na wa mama aliyekuwa mstari wa mbele katika kudai haki ya wanawake kupiga kura. Katika Christopher Strong (1933), iliyoongozwa na Dorothy Arzner, mmoja wa wanawake wachache sana walioongoza filamu Hollywood wakati huo, anaigiza rubani anayepasuliwa na mapenzi na kazi. Katika Sylvia Scarlett (1935) anakata nywele na kuvaa suruali ili apite kama kijana wa kiume. Watazamaji wa siku hizo hawakuipenda filamu hiyo, na kufikia mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani miongoni mwa waigizaji wanaowatia hasara.

Namna alivyojiinua inafaa kuzingatiwa. Aliigiza jukwaani The Philadelphia Story mwaka 1939, akahakikisha kwamba haki za kuigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ziko mikononi mwake, kisha akairudia Hollywood kwa masharti yake mwenyewe. Filamu ilitoka mwaka 1940 na ikapendwa mno. Baada ya hapo akafuatisha filamu 9 pamoja na Spencer Tracy, kuanzia Woman of the Year (1942), ambamo yeye ni mwandishi wa siasa za kimataifa. Katika Adam's Rib (1949) ni wakili anayepambana mahakamani na mumewe mwenyewe.

Katika nafsi zote hizo mna mwanamke mmoja: yule asiyekubali kukaa mahali alipowekwa. Tofauti za nafsi ni tofauti za mahali anapokatalia. Huu ndio utajiri wa kazi yake, na humohumo ndimo ulimo mpaka wake. Mpaka huo ulijitokeza mapema katika Dragon Seed (1944), filamu kuhusu wakulima wa China waliovamiwa na Wajapani. Hepburn anaigiza mkulima wa Kichina aitwaye Jade, macho yake yamebadilishwa kwa vipodozi, na wahusika wakuu wanaomzunguka ni Wazungu waliopambwa vivyo hivyo. Mwanamke anayekataa mahali pake amechukua mahali pa mwingine, na mwenyewe hakuachiwa hata uso. Kosa hili si la Hepburn peke yake. Ulikuwa utaratibu wa viwanda vya filamu vya wakati huo. Hata hivyo linatuandaa kwa The African Queen, ambamo jambo hilohilo linatendeka kwa njia iliyofichika zaidi.

3.0 Ziwa katika historia na ziwa katika filamu

The African Queen ilitokana na riwaya ya C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. John Huston aliiongoza. Yeye na James Agee waliandika mswada. Na Humphrey Bogart aliigiza Charlie Allnut, fundi wa mashua mlevi. Hepburn ni Rose Sayer, dada wa mmisionari Mwingereza katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwezi Septemba 1914 askari wa Kijerumani wanakiteketeza kijiji cha misheni na kuwakusanya wenyeji ili wawatumikishe vitani. Kaka yake Rose anarukwa na akili, kisha anafariki. Rose anapanda mashua ya Charlie na kumshurutisha washuke mto mpaka ziwani, wakaizamishe manowari ya Kijerumani kwa makombora waliyoyaunda wenyewe. Ziwa na mto ni vya kubuni, lakini manowari inatambulika. Asili yake ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipandevipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Historia ya kweli ilikuwaje? Waingereza waliamua kupeleka ziwani mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume katika Katanga, kisha zikakokotwa nchi kavu kupitia milima ya Mitumba, mwisho zikafika Lukuga, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie, mnamo Oktoba 1915. Magari ya mvuke na maksai yalitumika, lakini palipokuwa pabaya ni mikono ya mamia ya wafanyakazi Waafrika iliyofyeka njia, ikajenga madaraja, ikabeba maji na kuni za mitambo, na kuvuta kamba. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 kikosi hicho kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen haikuzamishwa na adui. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 walipokuwa wakiihama Kigoma.

Tulinganishe sasa. Kiini cha historia ni mashua kuvushwa milima kwa nguvu za watu wengi weusi. Kiini cha filamu ni mashua kuteremshwa mto kwa nguvu za watu wawili weupe. Kazi ya mamia imekusanywa na kutiwa katika miili miwili. Isitoshe, riwaya ya Forester, pamoja na upungufu wake wote, ilibakiza kumbukumbu ya msafara ule: mwishoni mwake mashua ya Rose inazama katika dhoruba bila ya kutimiza lengo, na ni vyombo vya kivita vya Waingereza vinavyoizamisha manowari. Filamu iliufuta mwisho huo. Ndani yake manowari inaligonga gofu la African Queen lililoelea na kulipuka, Rose na Charlie wakashangilia wakiwa majini. Kwa kuviondoa vyombo vya Waingereza, filamu imeondoa pia alama ya mwisho ya wale waliovivuta.

Kwa mtazamaji wa Kazimia mwisho huo una ajabu nyingine. Graf von Götzen iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Vizazi vya wakazi wa ziwa vimeijua kama meli ya abiria na mizigo. Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, liliitumia kuwarudisha Wakongomani zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Mwaka 2015 ilibeba Warundi waliokwama Kagunga. Chombo ambacho mtazamaji wa Ulaya anafurahia kukiona kikilipuka, kwa watu wa Fizi ni chombo kilichowarudisha nyumbani.

4.0 Lugha isiyosikika

Filamu inaanza kanisani. Kaka yake Rose anaongoza wimbo wa Kiingereza, Rose anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanaimba ovyo maneno wasiyoyaelewa. Tunatakiwa tucheke. Kichekesho hicho kinatufundisha tangu dakika za mwanzo kwamba watu hawa wana sauti lakini hawana maneno.

Historia ya misheni za ziwa inakanusha picha hiyo. Mababa Weupe walifungua misheni ya Mulweba, nchi ya Masanze, mwaka 1880, na ile ya Kibanga mwaka 1883, zote katika mwambao wa magharibi wa ziwa, jirani na rasi ya Ubwari. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikwisha kuchapishwa mwaka 1891. Kufikia 1914 Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na utawala katika koloni la Wajerumani, lugha ya askari wao, na lugha ya misafara katika jeshi la Force Publique lililotoka Kongo na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi wa pande zote mbili walielewana kwa lugha hiyo. Mmisionari aliyekaa miaka mingi katika nchi hiyo bila ya kuhubiri kwa lugha ya wenyeji ni mhusika wa kubuni kabisa.

Linaloshangaza ni kwamba filamu ilipigwa kati ya wasemaji wa lugha hiyo. Huston aliwapeleka waigizaji wake Biondo, kwenye mto Ruiki unaoingia Lualaba, karibu na Ponthierville, mji unaoitwa leo Ubundu. Baadaye wakahamia Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Eneo la Lualaba ni eneo la Kingwana tangu enzi ya misafara ya Tippu Tip. Wenyeji waliwajengea kambi, wakaendesha vyombo, wakabeba mitambo ya Jack Cardiff, mpiga picha. Kwa maneno mengine, utengenezaji wa filamu uliurudia msafara wa 1915: watu wengi walibeba ili wachache waonekane. Lakini katika filamu yenyewe Kiswahili hakina mhusika hata mmoja anayekitumia kueleza jambo lililo moyoni mwake.

5.0 Rose Sayer kama kazi ya sanaa

Pamoja na hayo, mhakiki atakayeishia hapo atakuwa amesoma maudhui na kuiacha fani. Nguvu ya filamu hii haitoki katika siasa yake bali katika uso wa Hepburn, na hatuna budi kueleza uso huo unafanya nini.

Hepburn mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu utengenezaji wa filamu hii kwamba mwanzoni Huston aliona anamwigiza Rose kwa huzuni kupita kiasi. Akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi, yaani mwanamke anayevaa tabasamu kama wajibu. Shauri hilo ndilo ufunguo wa nafsi ya Rose. Tazama anavyoketi wima katika mashua chafu, kofia kichwani, akizungumzia kombora la majini kwa sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Tazama anavyozimimina mtoni chupa za pombe za Charlie, moja baada ya nyingine, bila ya hasira. Na baada ya maporomoko ya kwanza, pale ambapo mtu angetarajia hofu, uso unafunguka na Rose anakiri kwamba hajapata kuonja raha kama ile. Hepburn, aliyekuwa na umri wa miaka 44, haoni aibu kuonyesha mikunjo, jasho na nywele zilizotimka. Kabla ya hapo alikuwa nyota wa vichekesho vya matajiri. Kuanzia hapo alipata njia ya kuwaigiza wanawake wasio vijana wanaogundua nafsi zao, kama alivyofanya katika Summertime (1955) na The Rainmaker (1956). Katika filamu ya Marekani ya wakati huo, mwanamke wa umri huo kuwa kiini cha tamaa na ushujaa lilikuwa jambo adimu.

Kwa hiyo Rose ni ushindi wa kweli. Tatizo ni kwamba ukombozi wake unahitaji mto mtupu. Mashua ikishaondoka kijijini, Waafrika karibu watoweke katika hadithi, isipokuwa kama askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Waliokusanywa kijijini hawatajwi tena. Rose anamlilia kaka yake, na filamu inalia pamoja naye, lakini hakuna anayeuliza waumini wake walipelekwa wapi. Kadiri Hepburn anavyoijaza skrini kwa ufundi wake, ndivyo swali hilo linavyozidi kusahaulika. Huu ndio mkasa wa uigizaji bora katika hadithi yenye upungufu: ubora wenyewe unakuwa pazia.

6.0 Kutoka Rose hadi Hekuba

Je, Hepburn aliwahi kulikaribia swali hilo? Katika Guess Who's Coming to Dinner (1967) yeye ni Christina Drayton, mama wa San Francisco ambaye binti yake analeta nyumbani mchumba mweusi, daktari aliyeigizwa na Sidney Poitier. Filamu ilitengenezwa wakati majimbo kadhaa ya Marekani yakiendelea kupiga marufuku ndoa za namna hiyo. Mahakama Kuu iliondoa marufuku hayo mwezi Juni 1967. Macho ya Hepburn yaliyojaa machozi, yakimtazama Tracy katika filamu yao ya mwisho, yana ukweli mzito, kwani Tracy alikuwa mgonjwa na alifariki siku chache tu baada ya kumaliza kazi hiyo. Lakini mtu mweusi anayekubaliwa nyumbani humo ni lazima awe mkamilifu. Wa kijiji cha Rose hawakuwa na maneno. Daktari huyu anayo, ila ameandikiwa yale tu yatakayompendeza mwenye nyumba.

Ilimbidi mtazamaji angoje hadi 1971. Michael Cacoyannis, mwongozaji aliyekuwa akiishi nje ya Ugiriki wakati wa utawala wa kijeshi, aliigeuza tamthilia ya Euripides kuwa filamu huko Hispania. Hepburn ni Hekuba, malkia wa Troya baada ya mji kuanguka. Pamoja naye wako Vanessa Redgrave, Irene Papas na Geneviève Bujold. Hakuna vita katika filamu hii, kwa kuwa vita vimekwisha. Kilichobaki ni moshi, kuta zilizobomoka, na wanawake wanaosubiri kuambiwa kila mmoja amegawiwa nani na atapakiwa meli ipi. Mjukuu wa Hekuba anatupwa kutoka ukutani, na bibi analazimika kumzika.

Watu waliokusanywa katika kijiji cha Rose, ambao filamu ya 1951 haikuwafuata, ndio hawa. Kijiji kilichoteketezwa ni dakika chache tu katika The African Queen. Katika The Trojan Women kuteketezwa ni filamu nzima. Na mwigizaji ni yuleyule. Zile nyenzo alizozitumia kwa Rose, mgongo ulionyooka na sauti kali isiyoomba huruma, zinarudi zikiwa na kazi nyingine. Rose ananyooka kwa kuwa anakwenda. Hekuba ananyooka kwa kuwa hana pa kwenda. Filamu haikupata watazamaji wengi, na lafudhi ya Hepburn ya Kimarekani inasikika vibaya mahali pengine. Lakini ni hapa ambapo mwanamke asiyekubali alipowekwa anakutana na nguvu isiyojali ukaidi wake.

Mtazamaji wa Fizi hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Mwambao huo ulipitiwa na maasi ya 1964, na mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwasukuma maelfu kuvuka kwenda Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Mwanamke anayekaa ufukweni na mzigo wake akisubiri chombo si taswira ya kale ya Kiyunani tu katika nchi hiyo. Akiwekwa mbele ya filamu hizi mbili, huenda akaistaajabia Rose, lakini atamtambua Hekuba.

Hollywood yenyewe ilirudia upesi mahali ilipozoea. Katika Rooster Cogburn (1975) Hepburn ni tena mwanamke wa misheni aliyefiwa na baba kwa mikono ya wahalifu, anashuka tena mto kwa chombo kilichobeba baruti, safari hii pamoja na John Wayne. Wateja walimpenda Rose, hawakumtaka Hekuba.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tofauti za nafsi katika kazi ya Hepburn hazipaswi kuhesabiwa tu, bali kupimwa kwa swali: kila nafsi imenunuliwa kwa kunyamazishwa kwa nani? Kwa kipimo hicho Jade wa 1944 ndiye wa chini kabisa, Rose wa 1951 ni mkubwa kisanaa na mwenye deni kubwa, Christina wa 1967 ni wa nia njema, na Hekuba wa 1971, ambaye hutajwa kwa nadra, anastahili kupandishwa daraja.

Deni hilo halikulipika kwa kubadilisha waigizaji tu. Katika Queen of Katwe (2016), iliyopigwa Uganda na Afrika Kusini chini ya uongozi wa Mira Nair, Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekwisha kupata Oscar, anamwigiza mama wa Katwe mwenye akili, hasira na fahari zake. Hiyo ni hatua kubwa kutoka kwa waumini wanaoimba wasiyoyaelewa. Lakini mazungumzo ya filamu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Uso umerudishwa, ulimi bado.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa pana kazi. Historia ya wapagazi wa 1915, kutoka Fungurume hadi Lukuga, ina mgogoro, mandhari na wahusika wa kutosha filamu au tamthilia, na lugha yake ya asili ni Kiswahili. Aliyeivuta mashua mlimani alikuwa na jina, na alizungumza na mwenziwe aliyeishika kamba nyuma yake. Mazungumzo hayo hayajaandikwa.